Wasomaji Wauliza: Protini za Damu kwa Mwenye Moyo Kushindwa

Barua za safari hii karibu zote zimekuja na picha za majibu ya maabara. Wagonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu, na ndugu wanaowauguza, wanataka kujua zile namba zina maana gani. Tumechagua barua nane na kuacha majina. Tunaomba jambo moja tu: dawa ya mtu isiongezwe wala kupunguzwa kwa sababu ya kilichosomwa hapa. Namba zenu na maswali yenu yapelekeni kwa daktari anayemfahamu mgonjwa.

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 71, aligunduliwa moyo kushindwa mwaka jana. Miezi mitatu iliyopita NT-proBNP yake ilikuwa 1,840. Wiki hii imetoka 2,150 na imeandikwa kwa rangi nyekundu. Miguu haijavimba, analalia mto mmoja, uzito ni uleule. Dada yangu amelia sana, anasema moyo ndio unakwisha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kwa hayo uliyoeleza, hapana. Tofauti ya namba hizo mbili ni 310, sawa na asilimia 17 hivi ya ile ya kwanza. NT-proBNP ya mtu aliyetulia kabisa hupanda na kushuka yenyewe wiki hadi wiki, ndiyo maana wataalamu wengi hawaitilii maanani tofauti isiyofika asilimia 30. Kwa baba yenu, mpaka huo ungekuwa karibu 2,400. Kwa BNP, ambayo hutetereka zaidi, wengi husubiri tofauti ifike asilimia 40.

Rangi nyekundu isikutishe. Kompyuta ya maabara hupaka rangi hiyo kila namba iliyovuka kiwango cha mtu asiye na ugonjwa. Mwenye moyo kushindwa anaweza kuwa na wekundu huo miaka mingi huku akitembea na kufanya shughuli zake.

Inafaa kujua kinachopimwa. Misuli ya vyumba vya chini vya moyo ikivutwa na wingi wa damu au shinikizo, hutengeneza mnyororo wa amino asidi 108 uitwao proBNP. Mnyororo huo hukatwa vipande viwili. Kimoja ni BNP, chenye amino asidi 32, na ndicho kinachofanya kazi: huziambia figo zitoe chumvi na maji, na huilegeza mishipa ya damu. Cha pili, chenye amino asidi 76, ndicho NT-proBNP. Nusu ya BNP huwa imeondoka kwenye damu baada ya dakika 20 hivi. NT-proBNP huchukua saa moja hadi mbili. Kwa hiyo namba hiyo inaeleza moyo unavutwa kiasi gani siku hizi. Haisemi ni misuli mingapi imekufa, na ikipanda leo inaweza kushuka mwezi ujao matibabu yakikaa sawa.

Hata ingekuwa imepanda kwa asilimia 50, kuna maswali ya kuulizwa kabla ya kuulaumu moyo. Kriatinini, taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, imepanda? Figo zikipunguza kazi, NT-proBNP hurundikana. Mapigo ya moyo yameanza kwenda ovyo, bila mpangilio? Hilo peke yake hupandisha namba. Amekuwa na homa ya mapafu au maambukizi mengine? Amemeza diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya magoti? Dawa hizo hushikilia chumvi na maji mwilini, na mara nyingi mgonjwa hazitaji kwa kuwa alizinunua mwenyewe. Ameruka dozi za dawa ya kukojoza kwa sababu alikuwa na safari? Na je, damu ilipimwa maabara ileile, kwa mashine ileile?

Ushauri wetu: ombeni namba moja iliyopimwa wakati baba hana uvimbe, hahemi, na dawa zimetulia. Iandikeni kwenye daftari pamoja na uzito wa siku hiyo na kriatinini. Namba hiyo ndiyo ya kulinganishia baadaye, kwa sababu baba analinganishwa na yeye mwenyewe, si na jirani wala na karatasi ya maabara. Kati ya kliniki na kliniki, mizani ina faida kuliko kipimo chochote cha damu: apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi zilezile. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, pigeni simu kliniki siku hiyohiyo, hata kama NT-proBNP ya mwisho ilikuwa nzuri.

SWALI: Mume wangu alipimwa BNP hospitali moja, ikawa 310. Wiki mbili baadaye hospitali nyingine wakapima NT-proBNP, ikawa 2,400. Katikati hapo alibadilishiwa dawa, sasa anameza kidonge chenye sakubitrili na valsatani. Je, dawa mpya imemharibu mara nane?

JIBU: Hapana mama, hivyo ni vipimo viwili tofauti. Kuvilinganisha ni sawa na kupima njia kwa hatua leo na kwa futi kesho, kisha kusema njia imerefuka. Kwa kawaida NT-proBNP huwa kubwa mara kadhaa kuliko BNP ya mtu huyohuyo, na hakuna namba ya uhakika ya kuzidishia ili kupata moja kutoka kwa nyingine. Uwiano hubadilika kwa umri, figo na dawa.

Tazama pia kipimio kilichoandikwa pembeni. Pikogramu kwa mililita na nanogramu kwa lita ni kitu kilekile, namba haibadiliki. Lakini maabara nyingine huandika pikomoli kwa lita. Hapo pikomoli 1 ya NT-proBNP ni sawa na pikogramu 8.46 hivi, na pikomoli 1 ya BNP ni sawa na pikogramu 3.46. Mtu aliyehama maabara anaweza kudhani amepona ghafla, kumbe kilichobadilika ni kipimio.

Kuhusu dawa, umegusa jambo zito. Sakubitrili huzuia kimeng'enya kiitwacho neprilisini, ambacho kazi yake mojawapo ni kuvunja BNP. Kikizuiwa, BNP inaweza kupanda ingawa mgonjwa anapata nafuu. Hiyo ni sehemu ya namna dawa inavyofanya kazi. NT-proBNP haivunjwi na neprilisini, kwa hiyo kwake yeye kushuka ni kushuka na kupanda ni kupanda. Kwa mgonjwa wa dawa hii, tunapendelea afuatiliwe kwa NT-proBNP tangu mwanzo. Mwombeni daktari arudie NT-proBNP baada ya wiki kadhaa za dozi iliyotulia, hospitali hiyohiyo ya pili, ndipo mtakuwa na namba mbili za kulinganisha.

Na kwa kuwa amebadilishiwa: kama nyumbani kuna mabaki ya enalaprili, lisinoprili, kaptoprili au ndugu zao, yatoeni kabatini. Kati ya kidonge cha mwisho cha kundi hilo na cha kwanza chenye sakubitrili zipite saa 36, na visimezwe pamoja kamwe. Hatari yake ni uvimbe wa ghafla wa midomo, ulimi na koo, ambao unaweza kuziba pumzi.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Tunachukua damu asubuhi, gari la maabara linakuja alasiri. Majibu ya BNP yanarudi chini kuliko tunavyotegemea kwa wagonjwa wanaohema waziwazi. Tunakosea wapi?

JIBU: Yawezekana BNP inaharibikia njiani. Tumieni kichupa cha plastiki chenye EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda), kile cha kifuniko cha zambarau. Kichupa cha kioo hakifai, kwa sababu uso wa kioo huamsha vimeng'enya vya damu vinavyoikatakata BNP. Jazeni mpaka kwenye alama, kisha mkipindue taratibu mara 8 hadi 10; msikitikise, chembe zitapasuka. Kwenye joto la kawaida la chumba sampuli ipimwe ndani ya saa 4 tangu ilipochukuliwa. Kama gari haliwezi kuwahi, zungusheni damu kwenye mashine ya sentrifuji, mtenge plazma na kuigandisha.

Kama ratiba ya gari haibadiliki, dawa ya tatizo lenu ni kuhamia NT-proBNP. Hiyo ni imara: huvumilia joto la chumba hadi siku 3, na mashine nyingi huipokea kwenye seramu au plazma ya heparini. Kwa kituo kilicho mbali na maabara, hatuoni sababu ya kung'ang'ania BNP.

Jambo la pili ni biotini. Vidonge vya nywele na kucha huweza kuwa na miligramu 5 au 10, wakati mwili unahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku. Baadhi ya mashine hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe kunasa protini, na biotini nyingi kwenye damu ya mgonjwa huziba nafasi hizo. NT-proBNP au troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, hutoka chini kwa uongo. Ulizeni kabla ya kuchoma sindano, mwandike kwenye fomu, na muulize maabara kama kipimo chao kina tatizo hilo, maana matoleo mapya mengi yamerekebishwa.

SWALI: Mama yangu, miaka 63, ana uzito wa kilo 112 na urefu wa sentimita 160. Akipanda ngazi kidogo anahema, na jioni vifundo vya miguu vimevimba. NT-proBNP imetoka 98. Ameambiwa moyo ni mzima kwa kuwa ni chini ya 125. Tuamini?

JIBU: Msiifunge kesi bado. Kiwango cha 125 kwa NT-proBNP, au 35 kwa BNP, ndicho kinachotumika kwa mtu asiye mahututi: akiwa chini yake, uwezekano wa moyo kushindwa ni mdogo. Mdogo, lakini haujaisha, na kuna watu ambao kipimo hiki huwapunja. Wa kwanza ni wanene. Gawanya kilo 112 kwa 1.6 mara 1.6, unapata karibu 44, yaani unene wa kiwango cha juu. Kwa sababu ambazo hazihusiani na uzima wa moyo, wanene huwa na BNP na NT-proBNP ndogo kuliko wembamba wenye ugonjwa uleule. Hata kwenye chumba cha dharura, ambako mpaka wa kawaida wa BNP ni 100, kwa mnene sana wengi huushusha hadi 50.

Kundi la pili, ambalo mara nyingi huingiliana na la kwanza, ni wale ambao moyo unasukuma vizuri ila umekakamaa na haujai kwa ulaini. Kwenye kipimo cha eko, yaani altrasaundi ya moyo, asilimia ya damu inayosukumwa hutoka 55 au 60, kila mtu anafurahi, na mgonjwa anaendelea kuhema. Shinikizo lao hupanda wakifanya kazi, kisha hushuka wakikaa kwenye benchi kusubiri kuchomwa sindano ya damu.

Ombeni eko inayotaja ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto, unene wa kuta, namna moyo unavyojaa, na makadirio ya shinikizo la mapafu. Kama bado haieleweki, kuna vituo vinavyofanya eko mgonjwa akiwa anakanyaga baiskeli. Sambamba na hayo, apimwe wingi wa damu, tezi ya shingo, mapafu, na aulizwe kama anakoroma na kukatika pumzi usingizini. Mtazame pia orodha ya dawa zake za presha: amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu bila moyo kuwa na hatia.

Kwa anayefika dharura akihema viwango ni vingine, na watu huvichanganya. NT-proBNP chini ya 300 huelekeza kwingine. Kinachounga mkono moyo kushindwa ni zaidi ya 450 kwa aliye chini ya miaka 50, zaidi ya 900 kwa miaka 50 hadi 75, na zaidi ya 1,800 kwa aliyevuka 75.

SWALI: Nina miaka 58, nilijaa maji kwenye mapafu na miguu kwa sababu ya moyo. Kliniki ya wanawake walinipima CA-125 ikatoka 140. Nimesoma kuwa hiyo ni saratani ya ovari. Silali.

JIBU: Pole sana, dada. CA-125 ni protini ya damu, na haitoki kwenye ovari peke yake. Chembe zinazotandika utando wa mapafu, wa moyo na wa tumbo huitoa zinapovutwa na maji au kuvimba, na kwa wagonjwa wa moyo waliojaa maji ni jambo la kawaida kabisa kuiona ikivuka kiwango cha 35. Wapo madaktari wa moyo wanaoitumia makusudi kujua ni kiasi gani mwili umejaa maji, hasa upande wa kulia wa moyo unapolemewa.

Hatukuambii upuuze. Fanyiwa altrasaundi ya nyonga ili ovari zionekane, kwa kuwa namba hiyo peke yake haiwezi kutofautisha sababu mbili hizo. Kisha, maji yakishaondoka, rudia kipimo. Usirudie baada ya siku mbili tatu: CA-125 hushuka polepole, nusu yake huchukua wiki moja hivi au zaidi, kwa hiyo ipe mwezi mmoja na zaidi. Ovari zikiwa safi na namba ikishuka pamoja na uvimbe, jibu limepatikana. Isiposhuka ilhali maji yameisha, rudi kliniki ya wanawake na karatasi zote mbili.

SWALI: Ninachoka kupita kiasi. Feritini yangu ni 160, maabara wanasema ni kawaida, wingi wa damu ni 12.8. Daktari wa moyo anasema nina upungufu wa madini ya chuma na anataka kuniwekea dripu badala ya vidonge. Naibiwa?

JIBU: Huibiwi, daktari wako yuko sahihi, na hili ni eneo ambalo wagonjwa wengi hupitwa.

Feritini ni protini inayohifadhi chuma, lakini vilevile hupanda mwili ukiwa na mwako (inflamesheni) wa muda mrefu, na moyo kushindwa huja na mwako huo. Namba inaweza kuonekana nzuri huku ghala likiwa tupu, au likiwa limefungwa. Kwa hiyo kwa wagonjwa wa moyo viwango vimepandishwa: feritini chini ya 100 ni upungufu, kati ya 100 na 299 ni upungufu kama transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu, imebeba chuma chini ya asilimia 20. Hiyo asilimia unaweza kuikokotoa mwenyewe. Kama chuma kwenye damu ni mikromoli 9 na uwezo wote wa kubeba ni 62, gawanya 9 kwa 62, zidisha mara 100, unapata 14.5. Mtu wa namna hiyo mwenye feritini 160 ana upungufu, hata kama wingi wa damu haujashuka. Wapo wataalamu wanaoiamini zaidi hiyo asilimia kuliko feritini yenyewe, nasi tunaelekea huko. Ulizia yako, kwenye barua hukuiandika.

Kwa nini si vidonge? Mwako hulifanya ini litoe hepsidini, homoni inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Utafiti wa IRONOUT-HF wa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa 225 miligramu 150 za chuma cha kumeza au vidonge visivyo na dawa mara mbili kwa siku kwa wiki 16, na uwezo wa kufanya mazoezi haukutofautiana. Chuma cha mshipani huupita mlango huo.

Siku ya dripu, mwambie muuguzi mara moja ukihisi kuwashwa, kifua kubana au sindano kuuma: chuma kikivuja nje ya mshipa huacha doa la kahawia ambalo huweza kudumu miaka. Utakaa chini ya uangalizi dakika 30 baada ya kumaliza. Usipime feritini wiki inayofuata, itakuwa juu mno bila maana; subiri angalau wiki 4. Na lazima mtu aulize chuma kilipotelea wapi. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au umewahi kuona kinyesi cheusi, utumbo uchunguzwe.

SWALI: Troponini ya babu ilikuwa 28, saa tatu baadaye 27. Kiwango ni 14. Kapata shambulio la moyo?

JIBU: Haielekei. Shambulio huonyeshwa na namba inayopanda au kushuka waziwazi ndani ya saa chache, pamoja na dalili au mabadiliko ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Namba iliyo juu kidogo na isiyosogea huonekana kwa wengi wenye moyo kushindwa au figo dhaifu. Ni misuli inayoumia taratibu kwa kuelemewa. Iandikeni kwenye daftari lake, maana siku akifika dharura na maumivu ya kifua, kujua kuwa huwa na 28 kutamsaidia sana daktari wa zamu.

SWALI: Je, nije na njaa siku ya kupima NT-proBNP? Nipime kila mwezi? Na maabara imenipa kifurushi chenye ST2 na galektini-3, ninunue?

JIBU: Njaa haihitajiki. Ila usije ukikimbia kuwahi foleni. Kaa kwanza, pumzika.

Kila mwezi haina faida kwa mtu aliyetulia. Utafiti wa GUIDE-IT, uliotoka 2017 ukiwa na wagonjwa 894, ulijaribu kuongoza matibabu kwa kulenga NT-proBNP ishuke chini ya 1,000, ukasimamishwa mapema kwa kuwa matokeo hayakuwa bora kuliko uangalizi mzuri wa kawaida. Kipimo kina faida penye swali: dalili zimebadilika, dawa imebadilishwa, au mtu anatoka wodini. Hapo mwisho ndipo tunapokipenda zaidi. Pima kabla ya kuruhusiwa; ikiwa imeshuka asilimia 30 au zaidi kutoka siku ya kulazwa, hali ya mbele huwa njema kuliko isiposhuka. Kwenye utafiti wa STRONG-HF wa 2022, wagonjwa walipandishiwa dozi haraka na kuonwa wiki ya 1, 2, 3 na 6, huku NT-proBNP ikitumika kama breki: ikiwa juu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko siku ya kutoka, dawa ya kundi la beta-bloka (za kupunguza kasi ya moyo) haikupandishwa na dawa ya kukojoza ilifikiriwa upya. Waliofuatiliwa hivyo, asilimia 15.2 walirudi wodini kwa sababu ya moyo au kufariki ndani ya siku 180, dhidi ya 23.3 kwa wengine.

Kuhusu kifurushi: ST2 na galektini-3 ni protini za damu zinazohusiana na kuelemewa na makovu ya moyo. ST2 inayovuka nanogramu 35 kwa mililita na galektini-3 inayovuka 17.8 huashiria hatari kubwa zaidi, na ST2 ina sifa ya kutoyumbishwa sana na unene wala figo. Lakini muulize daktari swali moja kabla ya kulipa: namba ikitoka juu, utanibadilishia dawa gani? Akisema hakuna, hiyo pesa weka kwenye mizani nzuri ya nyumbani na kipimo cha potasiamu na kriatinini, hasa kama unameza spironolaktoni, ambayo huhitaji damu kuangaliwa wiki ya 1 na ya 4 baada ya kuanza au kuongeza dozi.